Chumba cha Mama Kinapangishwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Daraja Mbili, mjini Kisii

Nimerudi kutoka kazini nikakuta kufuli mlangoni. Kubwa, jeusi, jipya kabisa. Si langu. Orpah, mke wangu, amekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Ni Mzee Obwocha, mwenye ploti. Amepandisha kodi mara ya tatu tangu mwaka jana. Tangazo ameliandika kwenye kipande cha katoni: "Kwa sababu zisizoweza kuepukika, kodi inapanda. Asiyeridhika, mlango uko wazi." Mlango uko wazi! Na kufuli je?

Nimemwendea kwa heshima. Nimemweleza kwamba makao ni haki ya kila mwananchi, imeandikwa katika katiba. Akakubali. Akasema hata yeye ameisoma. Lakini fundi wa mabomba hakubali kulipwa kwa katiba, wala benki iliyomkopesha pesa za kujengea. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi.

Ukweli niuseme humu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimekuwa mtu wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi miaka kumi na tisa. Simenti, misumari, mabati. Nusu ya nyumba za mji huu zimepita mikononi mwangu. Mimi sina hata choo kwa jina langu. Tangu Juni wamenipunguzia siku, sasa naenda tatu kwa wiki. Mshahara ukifika, kodi inaumeza ukiwa moto moto.

Uamuzi: kesho tunarudi nyumbani, Ekerenyo. Si kushindwa. Ni mkakati.

Jumanne, 2 Septemba. Ekerenyo

Obwocha ametufungulia. Amebaki na televisheni na meko ya gesi mpaka tulipe. Vilivyobaki vyote vimeingia pikapu moja, na nafasi ikasalia. Miaka kumi na tisa!

Nyumba ya mama ingali nzuri. Matofali, mabati ya kijani, vyumba vitatu vya kulala na sebule. Marehemu baba aliijenga kwa pesa za majani chai. Ilimchukua miaka kumi na mmoja, tofali leo, tofali mwezi ujao. Mama, Nyakerario, ana miaka sabini na mbili. Anaishi humo peke yake na ndizi zake.

Lakini sisi hatulali humo. Kwa mila yetu mwanamume aliyeoa halali katika nyumba ya mama yake. Analala kwake. Na kwangu hakuna. Baba aliacha ekari moja na nusu, tukagawana ndugu wanne. Mgao wangu ni mkanda mwembamba hivi kwamba ng'ombe akigeuka, mkia uko kwa jirani. Hata mkanda huo nilimkodisha kaka yangu Mathew kwa miaka kumi, nikanunua mashine ya kutotoa vifaranga. Mayai mia mbili. Kifaranga mmoja. Sitaki kulizungumzia. Mathew ameupanda majani chai.

Kwa hiyo tumefikia esaiga, kile kibanda cha udongo ambamo wavulana hulala kabla ya kuoa. Mimi, mwenye miaka arobaini na sita! Kimeinama upande wa mtoni kama mlevi anayetafuta njia. Mathew huweka mbolea yake humo. Amekuja kutusalimia, akatazama godoro letu kati ya magunia, akauliza kama tutakaa sana. Nikamwambia wiki mbili tu. Akaguna.

Alhamisi, 4 Septemba

Wazo!

Asubuhi nimekwenda sokoni kununua sukari. Kwenye stendi ya boda boda nikamkuta nesi mmoja, kiatu kimoja mkononi, anakung'uta matope. Anaitwa Beverlyne, kwao ni Nyaramba. Ameajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja katika zahanati mpya huku juu. Anasema ametafuta chumba wiki tatu, hakuna. Kila siku anatoka kwa shangazi yake mjini Nyamira, boda kuja, boda kurudi, na mshahara unaishia kwenye petroli ya watu. Akaniambia kuna mwalimu wa shule ya hapo chini anayetafuta pia. Na karani wa majani chai.

Nikasimama na sukari yangu katikati ya soko. Zahanati imejengwa. Shule imejengwa. Hakuna aliyekaa akafikiria wanaofanya kazi humo watalala wapi! Na nyumba ya mama ina vyumba vitatu. Anatumia kimoja.

Umaskini unaletwa na nini? Swali hili nimeliandika na kulipigia mstari. Jibu: mali iliyolala. Mila inanikataza mimi kulala kwa mama. Mpangaji haikumtaja.

Jumapili, 7 Septemba

Jana ilikuwa Sabato, biashara haizungumzwi. Leo baada ya chai nimemweleza mama. Nilikuja na hoja saba.

Mama akanisikiliza akimenya ndizi. Akauliza ndizi zake zitaivia wapi. Akauliza dada zangu wakija kumwona watalala wapi. Nikamwambia dada zangu huja Desemba tu. Akasema Desemba nayo huja kila mwaka. Hoja zote saba zikafia hapo. Basi, kwa kukata tamaa, nikamtaja Beverlyne, kiatu mkononi, matope hadi magotini.

Mama akaweka kisu chini. "Mtoto wa watu anashinda akitunza wagonjwa wetu, halafu hana pa kuweka kichwa? Mbona hukuanza na hilo?"

Beverlyne amehamia jioni hii hii. Mama amempikia uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha. Bure! Nimemvuta mama kando, nikamweleza kwamba uji ni huduma, na huduma ina bei. Akanitazama usoni, akaniuliza kama naumwa. Beverlyne tayari anamwita Magokoro, yaani nyanya. Mazoea haya yataharibu biashara.

Jumatano, 10 Septemba

Chumba cha pili kimekwenda. Mwalimu Ochoki, kijana mpole, anafundisha hesabu. Hajaajiriwa rasmi, yuko kwenye mafunzo kazini, analipwa posho. Dada zangu watalala sebuleni. Ndizi zimehamia chini ya kitanda cha mama.

Kodi naipokea mimi kwa niaba ya mama. Nimemnunulia chumvi, sabuni na pakiti mbili za majani chai. Mama akacheka. Akasema amechuma majani chai tangu akiwa msichana na hii ndiyo mara ya kwanza kuletewa kama zawadi.

Ugomvi na Orpah. Anataka kodi ya vyumba hivi viwili iwekwe pembeni yote, tumrudishie Mathew pesa zake, tupate mkanda wetu, tujenge chumba kimoja chetu. Nikamwambia mtu mwenye maono haanzi na chumba kimoja. Akasema ni kweli, mimi nimeanza na sifuri na ninaisimamia vizuri.

Nilikuwa napiga hesabu kwenye gunia la mbolea.

Jumapili, 14 Septemba

Karani wa majani chai amenitafuta mwenyewe. Jina lake Andrew. Shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Anataka chumba leo, si kesho, na atalipa miezi mitatu mbele. Miezi mitatu! Mkononi! Nikamwambia chumba kipo. Kisha nikakumbuka kwamba kilichobaki ni cha mama.

Jiko la mama liko nyuma ya nyumba. Kuta za udongo, bati kuukuu, moto hauzimiki. Magoti ya mama yanapenda joto. Nikaona kumbe ni jambo la afya.

Nilimweleza hivyo. Akaitazama mikono yake. Akauliza ni kwa muda gani. Nikasema mwezi mmoja, hadi nijenge.

"Ujenge nini, Gibson?"

Nikamwambia hatua kwa hatua.

Akaingia chumbani. Akatoka na blanketi, Biblia, kitabu cha nyimbo na picha ya baba. Picha akaifuta kwa ncha ya leso, akaitundika jikoni juu ya kuni, mbali kidogo na moto. Orpah alimbebea kitanda. Mimi pia nilitaka kusaidia, lakini Andrew alikuwa ananihesabia pesa.

Mathew alikuja mbio kutoka shambani, kapu la majani chai likiwa mgongoni bado. Alinipigia kelele mbele ya wapangaji. Akasema nimempangisha mama. Nikamjibu nimempangishaje wakati mama halipi! Nilidhani ni jibu zuri. Hakuna aliyecheka. Akamwomba mama aende akalale sebuleni kwake. Mama akakataa. Akasema mama mkwe hajipeleki kulala katika nyumba ya mkaza mwanawe, hajafikia huko. Mathew akaondoka akifuta macho. Mwanamume mzima!

Orpah amechukua shuka lake na kwenda kulala jikoni pamoja na mama, ili asiwe peke yake. Nimebaki na mbolea.

Jumatano, 17 Septemba

Kibao kimefika kutoka mjini! Kirefu kuliko mimi. Herufi nyekundu: NYAKERARIO PALACE, VYUMBA VYA HADHI. Pesa za Andrew zimekwisha, lakini kibao kinaonekana hadi barabarani. Jirani mmoja amekuja kutupa pole. Alipoona jina la mama limeandikwa kubwa vile, alidhani amefariki.

Gharama zikipanda, kodi hupanda. Nimebandika tangazo sebuleni: "Kwa sababu zisizoweza kuepukika, kodi inapanda. Asiyeridhika, mlango uko wazi." Maneno haya nimeyaazima mahali. Ni lugha safi.

Beverlyne amekuja kunieleza kwamba hajalipwa miezi miwili. Na akilipwa, kuna wadogo zake wawili Nyaramba wanaosubiri karo. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mahali pengine. Mwalimu Ochoki alichukua chaki, akaandika posho yake kwenye mlango wa chumba chake, akatoa chakula, akatoa anachotuma kwao, akatoa kodi mpya. Jibu likawa chini ya sifuri. Nililikagua. Lilikuwa sahihi. Nikamwambia maisha si hesabu.

Nimewapa hadi Jumatatu.

Mama anakohoa kidogo. Hali ya hewa.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Jana mvua ilinyesha tangu mchana. Bati la jikoni lilivuja, kuni zikalowa, zikawa zinatoa moshi badala ya moto. Jioni Orpah alikuja mlangoni pa esaiga, akaniambia mama hapumui vizuri. Nikamwambia Jumapili nitatafuta kuni kavu. Alisimama pale kidogo. Akarudi.

Leo asubuhi nikaenda kazini Kisii. Saa nne simu ikalia, Orpah. Nikadhani anataka ninunue sukari. Sikushika. Ikalia tena. Nikaizima sauti. Nilikuwa namweleza mteja jinsi ya kuwa mwenye ploti.

Nimefika nyumbani saa kumi. Hakuna mtu. Jiko liko wazi, uji umefurika na kugandia mafigani, moto umezimika. Picha ya baba imelowa, uso wake umevimba. Nikaita. Andrew akatoka chumbani mwa mama, mswaki mdomoni. Akaniambia mama amepelekwa zahanati. Boda boda imeshindwa kupanda kwa matope. Beverlyne amembeba mgongoni. Orpah alimshika kutoka nyuma. Mwalimu Ochoki aliacha darasa akawafuata na mwavuli.

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili. Mwinuko ule, nesi mdogo kama yule, na mama mgongoni!

Mama alikuwa kitandani, kidude cha hewa puani, amekuwa mdogo kama aliyekunjwa. Beverlyne alikuwa bado na sare iliyolowa, anamshika mkono na kuangalia saa. Aliniambia ni mapafu, moshi na baridi. Akasema kama wangengoja hadi jioni. Hakumalizia. Wala hakunitazama.

Mama akafumbua macho. Akakisogeza kile kidude.

"Gibson. Nimepata kitanda kizuri." Akavuta pumzi. "Hiki kodi yake ni ngapi?"

Hakuwa ananidhihaki. Mama hajui kudhihaki. Aliogopa kwamba nitadaiwa.

Nikamwambia hakina kodi. Akafumba macho. Akasema basi ni pazuri.

Nimetoka nje nikasimama kando ya tangi la maji. Nimesimama hadi askari wa geti akaja kuniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama ametoka. Masharti: asikaribie moshi. Mahali pakavu, penye dirisha.

Nimemwendea Andrew kumwomba atoke. Akasema vizuri sana, nimrudishie pesa zake. Pesa zake zimesimama barabarani zikiwa na herufi nyekundu. Nimejaribu kukiuza kile kibao. Mwenye hoteli sokoni alisema angekichukua kama mkewe angekuwa anaitwa Nyakerario. Anaitwa Ruth.

Beverlyne akasema atarudi kwa shangazi, mama achukue chumba. Mwalimu Ochoki akasema hapana, atoke yeye. Wakashindana. Mama, hata sauti hana, akawakatiza. Mtu aliyelipa hafukuzwi. Hata Andrew akae hadi siku zake ziishe. Kwa sasa yeye mama atalala na Beverlyne chumba kimoja.

Adhuhuri wakaja wanawake. Ishirini! Mbele yao Jacinta, mwenyekiti wa kikundi chao, egesangio. Zamani walikuwa wanachumiana majani chai na kupaliliana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwaka jana Jacinta aliona kwamba wote wana shida moja. Hakuna anayeweza kununua mabati ya nyumba nzima, lakini hakuna asiyeweza kununua bati moja. Basi kila mwezi kila mmoja analeta bati moja, misumari kidogo na mikono yake miwili, wanamjengea mmoja. Wameshajenga nyumba saba.

Mwezi huu ilikuwa zamu ya Bosibori. Nimemwona. Mwembamba, ana watoto watatu, na paa lake, wanasema, nyota zinaingia. Alisimama katikati ya uwanja wetu akasema mama Nyakerario atangulie. Yeye amezoea, atasubiri mwezi mmoja. Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama alilia.

Shida ikawa ardhi. Uwanja wetu umejaa, kando zote ni mashamba ya ndugu. Mathew alikwenda akachukua jembe, akaanza kung'oa majani chai yake yaliyo karibu na njia. Mistari miwili. Mashina ya miaka kumi na mitano, yanayomlisha yeye na watoto wake. Nilisimama nikihesabu mashina, kisha nikaacha.

Jacinta akauliza wapangaji wanalipa nini. Akaamua: kodi ile ile ya mwanzo, na inaingia mkononi mwa mama. Tangazo langu akalibandua ukutani, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza imetulia.

Alhamisi, 25 Septemba

Ujenzi. Nilifika mapema na daftari, nikajitambulisha kama msimamizi. Nina uzoefu wa miaka kumi na tisa katika sekta hii. Jacinta akanitazama miguu. Akauliza kama inafanya kazi. Nikasema ndiyo. Akaniambia nivue viatu.

Nimekanyaga udongo tangu asubuhi. Maji, udongo, maji, udongo, matope hadi mapajani. Wanawake wakipita na fito wananiita Mkurugenzi. Mathew na wenzake walichimba mashimo na kusimamisha nguzo za mikaratusi. Hadi saa sita fito zimefungwa. Saa kumi mabati yako juu, ishirini, kila moja la mtu wake. Hayafanani. Mengine mapya, mengine yametumika, moja la bluu. Kisha wakaanza kukandika kuta, wanaimba nyimbo za kanisani, mikono inapiga udongo kwa pamoja.

Mama alikaa kwenye kiti, shuka mabegani, Beverlyne kando yake. Hakuimba. Alikuwa anatazama tu, kwa zamu, uso baada ya uso.

Nilimkumbuka baba. Miaka kumi na mmoja, peke yake, tofali baada ya tofali. Nilikuwa mtoto, nilidhani nyumba huchukua muda huo kwa sababu ni nyumba. Kumbe ni kwa sababu alikuwa mmoja.

Bosibori alikuwa anakandika karibu yangu. Nikamuuliza kwa nini alitoa zamu yake. Alisema mama alimtunzia mtoto wake wa kwanza, msimu mzima wa majani chai, alipokuwa hana pa kumwacha. Mimi sikujua. Nilikuwa mjini nikiuza mabati.

Tope limeniingia jichoni. Yote mawili. Orpah aliniletea maji ya kunawa. Ni mara ya kwanza kuniletea kitu tangu ile siku ya kitanda.

Jumapili, 19 Oktoba

Kuta zimekauka. Mama amehamia leo, baada ya wiki tatu na siku kadhaa za kuishi na Beverlyne, ambaye sasa anasema hajui atalalaje bila kusikia mtu anaomba alfajiri. Vyumba viwili, madirisha mawili, sakafu ya udongo iliyopigwa laini. Picha ya baba imekaushwa. Uso umebaki umevimba kidogo, lakini mama anasema hivyo ndivyo alivyokuwa akishiba.

Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Akagusa ukuta kwa kiganja. "Mabati ishirini," akasema, "na kila moja najua mama yake."

Nimetoka nikajifanya naangalia mfereji.

Mambo yote yamepangwa vizuri. Bosibori atajengewa Alhamisi hii. Andrew amebakiza miezi miwili, kisha chumba kitarudi kwa mama, na dada zangu Desemba watakuwa na pa kulala. Orpah ameingia egesangio. Ameanza kununua bati lake la kila mwezi kwa pesa za kuchuma majani chai. Amezungumza na Mathew bila mimi, na Mathew amekubali kuachia nusu ya mkanda wetu. Zamu ya Orpah ni Mei. Chumba kimoja na sebule. Chetu. Aliniambia hayo akitabasamu, na nilifurahi kwa kweli, nilifurahi sana, nikaondoka nikaenda kutembea hadi sokoni ili furaha hiyo isinimalize.

Nikiwa njiani nimefikiri kwa kina juu ya yaliyotokea. Ni lazima mtu ajifunze. Kosa langu nimeliona, na naliandika hapa bila aibu. Nilipangisha nyumba iliyokwisha kujengwa. Nyumba iliyokwisha kujengwa ina mtu ndani tayari! Ndipo unaanza kusumbua watu, mara mama, mara ndizi. Nyumba ambayo haijajengwa haina mtu. Haimwumizi yeyote.

Sokoni nimekutana na kijana mmoja wa kupima ardhi, mgeni, anahangaika kutafuta makao. Tumeelewana haraka. Mtu mwenye adabu.

Orpah sijamwambia bado. Namsubiri azoee furaha aliyo nayo kwanza. Jioni nimepita kwenye ule mkanda wetu, majani chai ya Mathew yamesitawi vizuri mahali ambapo mlango utakuwa. Mpangaji ameshalipa miezi miwili. Ameniuliza dirisha la chumbani litatazama upande gani, nikamwambia mashariki.